Shali ya Mtakatifu Lusia

Jumanne, 8 Septemba 1987

Leo Padri Dunleavy ameniletea mtakatifu kwenye gari la mikate. Sitanii. Aliazima gari la mwokaji wa mtaa wa nyuma, akamlaza Mtakatifu Lusia juu ya trei, akamfunika kwa kitambaa cha altare, na alipomshusha mlangoni kwangu alikuwa ananukia mikate. Paa la kanisa lao hapa Ancoats linavuja. Maji yamepita nyuma ya picha, kona ya chini imevimba. Na masizi, mama yangu! Waitalia wa mtaa huu wamekuwa wakimwashia mishumaa tangu baada ya vita ile ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumpangusa uso.

"Edna," Padri akaniambia, "sikukuu yake ni tarehe kumi na tatu Desemba. Asiporudi ukutani siku hiyo, wale mabibi watanila nyama."

"Padri, mimi nimesafisha picha za mameya wote wa Manchester, tena wabaya wa sura. Mtakatifu mmoja hawezi kunishinda."

Alipoondoka nikamtazama vizuri. Mwanamke ameketi, ana shali ya buluu mabegani, duara la dhahabu kichwani, na mkononi sahani yenye macho mawili, maana ndivyo Lusia anavyochorwa siku zote, shahidi aliyeng'olewa macho. Ile dhahabu ni ya bei poa, ya kupaka sanamu za plasta. Macho ya kwenye sahani ukiyatazama haraka utadhani mayai. Lakini uso umechorwa na mtu anayejua kazi yake.

Ijumaa, 11 Septemba

Mvua. Nimekausha kona iliyovimba. Nyuma ya turubai, kile kitambaa kilichochorewa, kumeota ukungu wa kutosha kuitwa bustani.

Jumatano, 16 Septemba

Nimepata mgeni: Bibi Concetta Rea, mjane wa yule muuza aiskrimu aliyekuwa na duka karibu na mfereji. Ana miaka themanini na moja, ananifika kifuani, na hodi hajui. Aliingia tu na mfuko wa biskuti, akamwendea Lusia wake, akabusu vidole vyake mwenyewe na kuvigusisha kwenye fremu, ndipo akanigeukia.

"Wewe ndiye utakayemwosha?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Mkono wako mwepesi?"

"Hakuna aliyelalamika bado. Wateja wangu wengi ni marehemu."

Hakucheka. Akanipima juu mpaka chini. "Mbona umekonda hivi? Huna mtu wa kukupikia?"

"Sina wa kunipikia wala wa kumpikia, na nalala usingizi mzuri."

"Haya, kula biskuti." Akasimama pale pale mpaka nikatafuna. Kisha akasema, "Masizi mtoe. Uso mwoshe. Lakini shali usimvue, mwanangu. Baridi ya kwetu hapa haimfai huyu."

Nilidhani ni mzaha, nikaangua kicheko. Yeye naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Alhamisi, 24 Septemba

Kazi ya mate. Watu wakisikia hukunja uso, lakini hakuna dawa ya dukani inayoshinda mate ya binadamu kwa masizi ya mishumaa. Unalowesha pamba ya kijiti mdomoni, unazungusha taratibu, unatupa, unachukua nyingine. Kutwa nzima nimemtemea mate mtakatifu wa watu. Shavu la kushoto limetoka, na jicho.

Huyu mwanamke amechoka. Watakatifu wa kanisani hutazama juu mbinguni. Huyu anatazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize maneno aende zake nyumbani.

Bibi Concetta amepita na supu ya dengu. "Shali bado anayo?"

"Anayo."

"Vizuri. Kula."

Imani za vikongwe, jamani. Anamhangaikia mtu wa kwenye picha utadhani ana mgonjwa hospitali. Supu lakini ilikuwa tamu, siwezi kumnyima haki yake.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nimefunga mapazia na kuwasha taa ya zambarau, ile inayofanya rangi za umri mmoja zing'ae pamoja na za umri mwingine zijitenge. Uso, mikono na gauni vimetulia, ni vya mkono mmoja na wakati mmoja. Lakini duara la dhahabu, sahani na macho yake, na shali yote ya buluu, vimejitenga vyeusi ti. Vimepakwa baadaye na mtu mwingine kabisa. Na chini kulia, pembeni mwa pindo la shali, kwenye rangi ya kwanza, zikatokea herufi mbili: L.H.

Nilikaa kwenye kigoda mpaka miguu ikafa ganzi. Lionel Hathersage! Nilipokuwa mwanafunzi, picha za mzee huyo wa enzi za Malkia Victoria zilikuwa zinauzwa kwa ajili ya fremu tu, turubai unatupa. Siku hizi kila jumba la sanaa linazitafuta kwa tochi. Na mimi ninayo moja, imevaa nguo za kuazima.

Jumamosi, 3 Oktoba

Nilipaswa kumpigia Padri kwanza. Nilimpigia Dakta Yelland wa London, anayemwandikia Hathersage kitabu na kumwandalia maonyesho ya Februari. Niseme ukweli hapa, kwa vile hakuna anayesoma: nimesafisha mameya maisha yangu yote, na jina langu halijachapwa popote ila kwenye stakabadhi. Nilitaka kwa mara moja mtu mkubwa ashtuke kwa sababu yangu. Alishtuka. Nilisikia kikombe chake kikivunjika.

Ijumaa, 9 Oktoba

Crispin Yelland amefika kwa treni ya asubuhi na skafu ya hariri shingoni. Mvua yetu ikamkomesha. Alipomwona Lusia, akapiga magoti. Nilidhani anasali, kumbe anatafuta zile herufi.

"Edna mpenzi, unamjua huyu? Ni Mina! Mina mwenyewe!"

Basi akaeleza, na maji yanamdondoka puani. Zamani hizo wachoraji wa London waliwagombania Waitalia waliotoka milimani kwao kuja kukodishwa kama modeli, wakae mbele ya mchoraji bila kutikisika. Hathersage alikuwa nao wengi, lakini kipenzi chake alikuwa huyu Mina. Alimchora akiwa malkia, mchunga mbuzi, mungu wa bahari, mama wa Musa. Mwaka 1884 Mina akatoweka, na mzee hakuchora tena kitu cha maana. Jina lake la ukoo halijulikani. Alikoishia hakujulikani.

"Na kuna barua moja ya Hathersage," Yelland akasema, "anasema alimchora mara moja tu kama alivyo, siyo kama malkia wala nani. Picha hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Iko hapo chini, Edna. Tuondolee huo uchafu."

Uchafu. Neno hilo nililisikia, nikaliacha lipite.

Padri Dunleavy akaja, akaelezwa. Akakuna kichwa. "Kwa hiyo siyo mtakatifu?"

"Hajawahi kuwa," Yelland akajibu.

"Na sikukuu?"

"Tutawapa picha nzuri ya kuchapwa, Padri. Na jumba la sanaa litalisaidia paa lenu."

Padri akatazama juu, kama vile paa lake lilikuwa pale karakanani kwangu. Akasema Askofu akikubali, yeye ni nani akatae.

Nina mwalimu wangu wa zamani ambaye alikuwa akisema: kabla hujaondoa rangi ya mtu, uliza kwa nini aliipaka. Nimemwuliza Yelland. Akasema, "Padri fulani mwenye haya, bila shaka." Ikanitosha.

Jumatano, 14 Oktoba

"Nimesikia mgeni wa London alipiga magoti," alisema Bibi Concetta kabla hajaketi.

"Habari zinakimbia mtaa huu."

"Mtaa huu hauna kuta. Shali je?"

"Bibi, hebu nikuambie ukweli. Ile shali siyo yake. Ilipakwa baadaye."

"Na hilo koti lako, ulizaliwa nalo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba chini ya shali yuko mwanamke mwingine. Akaniuliza ni nani. Nikasema, "Modeli tu, Bibi. Mwanamke wa kukodishwa." Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo huu.

Akawa anakunja na kukunjua mfuko wake wa karatasi. "Na akionekana huyo, Kanisa litamtaka tena?"

"Hilo la Padri, siyo langu."

"Basi mwache. Nakuomba, Edna. Mimi simwombi binti mkaidi kama wewe kitu kila siku."

"Kwa nini, Bibi? Nipe sababu."

Akafungua mdomo. Naapa aliufungua. Kisha akasema supu inapoa, akaenda zake.

Nimemhurumia. Kazeeka, anaogopa kubadilishiwa vitu. Ila kazi ni kazi.

Jumanne, 20 Oktoba

Barua ya Askofu imefika. Mistari mitatu, ruhusa imetolewa. Mvua haijaacha kunyesha.

Jumanne, 27 Oktoba

Duara la dhahabu limetoka. Nilitarajia vita, lakini lilitoka kama ute wa yai, pamba moja baada ya nyingine, zote njano. Nikajisemea, kitu kinachotoka kirahisi hivi hakikuwa chake. Chini yake nywele nyeusi zimefungwa ovyo kwa utepe, kama za mtu aliyejifunga mwenyewe bila kioo.

Bibi Concetta hajaonekana wiki nzima. Jirani yake, Bi Ersilia, kasema ameteleza ngazini na kuteguka mguu, daktari kamkataza kutoka.

Jumatano, 4 Novemba

Sahani. Yale macho-mayai nimeyaondoa, na unajua chini yake kuna nini? Sahani ile ile, ila juu yake kikombe cha chai na kipande cha mkate kilichong'atwa. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Hathersage alimchora saa ya mapumziko! Kwa miaka yote hiyo alimkalisha kama malkia, na siku aliyotaka kumchora yeye mwenyewe, alingoja ameze chai.

Nampenda huyu mwanamke. Sijawahi kuandika hivyo juu ya meya yeyote.

Jumamosi, 7 Novemba

Bi Ersilia kaleta ujumbe dirishani: "Concetta anauliza kama bado amevaa." Nikasema, mwambie apone kwanza, tutaongea. Hilo halikuwa jibu, najua.

Alhamisi, 12 Novemba

Shali imetoka yote. Siku tatu mgongo umeinama, madirisha wazi kwa ajili ya harufu ya dawa, vidole vimekufa kwa baridi. Chini yake gauni limeshuka upande, bega la kushoto liko wazi mpaka mwanzo wa kifua. Halikuwekwa wazi kwa ajili ya kutazamwa. Lilishuka tu kwa uchovu, na mwenyewe hakulijali kwa kuwa alikuwa anakunywa chai mbele ya mtu aliyemzoea. Ni bega zuri kuliko mabega yote niliyowahi kuyasafisha. Ngozi imechorwa kwa heshima kubwa.

Nimempigia Yelland. Amelia kwenye simu, mtu mzima. Akasema jina langu litaandikwa kwenye kitabu, ukurasa wa mbele. Usiku nilitembea chumbani kama bibi harusi.

Ijumaa, 20 Novemba

Mpigapicha wa gazeti la mji alikuja juzi. Leo imetoka, nusu ukurasa, bega na yote. Kichwa cha habari: WALISALI MBELE YA MODELI MIAKA SITINI. Buchani mwuza nyama aliniuliza kama sina mtakatifu mwingine wa kumvua nguo. Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe.

Padri Dunleavy amepokea simu za matusi. Anasema Jumapili iliyopita, kwa uvumi tu, kanisa lilikuwa nusu, na wale waliokuja walitazama viatu vyao.

Alhamisi, 26 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naandika kama ilivyokuwa.

Saa za mchana mlango ulifunguka. Bibi Concetta, mguu umefungwa, fimbo mkononi, gazeti limekunjwa kwapani. Hakuleta biskuti. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akasimama mbele yake. Mimi niko nyuma na tabasamu langu la kijinga, nangoja aone uzuri ule.

Akasema taratibu, "Mmemvua."

"Bibi, tazama lakini alivyochorwa. Tazama mkono ule."

"Nimeona. Mkono ni wa mama yangu. Ni wangu pia." Akanyanyua mkono wake uliokunjamana, akauweka hewani kando ya ule wa kwenye picha. Vidole vile vile vifupi, gumba lile lile lililopinda nje.

"Huyu siyo Mina," akasema. "Hilo ni jina la utotoni. Ni Gelsomina Arcari, aliyemzaa mama yangu. Leta kiti."

Nikaleta kiti. Akaongea macho yakiwa kwenye picha, siyo kwangu.

Gelsomina alikaa mbele ya wachoraji tangu akiwa msichana mpaka akaolewa. Aliolewa na Mwitalia msaga barafu hapa Ancoats, na siku ya harusi mchoraji wake akamtumia picha hii. Ilikaa miaka mingi imegeuziwa ukutani, kwa sababu ya bega. Alizaa, alifua nguo za watu, alizeeka. Lakini mtaa haukusahau. Wanawake walimwita yule wa kukodishwa. Walikuwa hawakai benchi moja naye kanisani.

"Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Bibi Concetta akasema. "Tulimfuata makaburini watu wanne. Madirisha yote yamefungwa, na nyuma ya kila pazia kuna jicho. Padri wa wakati ule alikataa kumpigia kengele. Unajua maana yake kwetu, kuzikwa bila kengele? Hata mwizi alipigiwa. Babu alirudi nyumbani akakaa na kofia kichwani mpaka asubuhi."

Babu huyo alikuwa na ndugu aliyepaka rangi sanamu za plasta, hizi za kuuza milangoni kwa watu. Ndugu akasema, niachie mimi. Akaigeuza picha, akampaka shali ya buluu bila kuugusa uso, akamwekea duara, akafanya chai kuwa macho. Alipokuja padri mpya, wakampelekea. Wakasema, tumeletewa Lusia kutoka kwetu milimani, Baba. Padri akambariki, akamtundika, akampigia kengele.

Hapo Bibi Concetta akaanza kucheka, na kucheka kwake kukanitisha kuliko kilio.

"Wale wale, Edna! Wale waliofunga madirisha! Walikuja kwa magoti. Mama yake Ersilia aliwasha mshumaa kila Ijumaa kwa ajili ya jicho lake bovu. Mama yangu alikuwa ananifinya nisicheke kanisani. Tulikaa benchi la mbele sisi, tukamtazama bibi yetu anavyoombwa radhi na watu wasiojua kwamba wanaomba radhi."

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema. "Nilikuuliza, Bibi. Nilikuuliza sababu."

"Ningekuambia nini? Ningesema ni modeli, ungempeleka kwa Padri, na Padri angemtoa. Nikinyamaza, unamvua. Nikaona nikulishe tu, labda utanisikia."

Nilitaka kupiga magoti na sikuthubutu, maana huyu bwana wa London ameshachafua kupiga magoti mbele ya picha ile. Nikabaki nimesimama na aproni yangu.

Akaniuliza, "Rangi uliyoitoa iko wapi?"

"Kwenye pamba, Bibi."

"Nipe basi hizo pamba."

Nilizitupa. Kila Jumatatu gari la taka linapita. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayeambiwa duka limefungwa, akachukua fimbo yake. Mlangoni akanishika mkono. "Wasijue ni wa nani. Wamtukane Mina wao huyo. Jina la Gelsomina wasilipate."

Nikaapa.

Majuto ni mjukuu. Nimelisema neno hilo mara elfu juu ya watu wengine.

Jumamosi, 28 Novemba

Sikufanya kazi.

Jumatatu, 30 Novemba

Nilikwenda kwake na boksi la rangi. Ghorofa ya pili, jikoni kuna joto, nguo zimeanikwa juu ya jiko. Nikamwambia nimefikiri. Ninayo picha niliyopiga kabla sijaanza. Najua buluu ile ilikuwa ya aina gani, najua dhahabu ile inauzwa wapi. Naweza kumrudishia shali na duara na macho, vyote, kabla Yelland hajamchukua. Nitapoteza kazi, jina langu litachafuka nchi nzima, potelea mbali.

Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha.

"Yule ndugu yake babu alimpaka kwa nini?" akaniuliza.

"Kwa sababu alimpenda."

"Alikuwa na hasira. Alimpaka kwa hasira, wiki nzima, anatukana kila mtu mtaani kwa jina. Wewe utampaka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimekosa."

"Ee. Basi hiyo itakuwa shali yako, siyo yake." Akaniwekea kisu kingine mbele yangu. "Menya. Na usikate nene, viazi ni ghali."

Tukamenya. Sikuweza kuzuia machozi, nikasingizia vitunguu, na vitunguu havikuwepo. Hakunibembeleza. Nashukuru hakunibembeleza, sikustahili.

Ijumaa, 4 Desemba

Wamemchukua. Safari hii gari maalumu, wanaume wawili wenye glavu nyeupe, sanduku lenye sponji ndani. Kiegemezo cha kumsimamishia picha kiko kitupu katikati ya karakana na mimi nakizunguka, sitaki kukisogeza.

Jumanne, 8 Desemba

Meya mwingine. Ana mashavu mekundu. Sina la kuandika.

Jumapili, 13 Desemba

Sikukuu. Nilikwenda, mimi ambaye tangu ubatizo sijui kanisa lina milango mingapi. Ukutani wametundika Lusia wa kuchapwa, msichana mwenye mashavu ya peremende, anatazama juu kama inavyotakiwa. Ni mdogo kuliko yule wa zamani, kwa hiyo kando yake pande zote umebaki weupe wa ukuta usiopata masizi. Watu walipita na mishumaa wakaiweka kwa Bikira Maria upande wa pili. Kwa Lusia waliweka wachache, harakaharaka.

Bibi Concetta alikaa benchi la mbele, kofia nyeusi, fimbo kati ya magoti. Nikakaa nyuma yake.

Bi Ersilia akapita, akasimama pale pale, akasema kwa sauti ya kusikika na malaika: "Mama yangu alimpigia magoti yule kahaba miaka thelathini! Miaka thelathini! Laiti ningejua ni wa ukoo gani, ningekwenda kutema mate mlangoni kwao."

Nilitaka kuinuka. Bibi Concetta bila kugeuka akaurudisha mkono wake nyuma, akanibana goti nikae.

"Na jicho la mama yako, Ersilia?" akauliza kwa upole. "Lilipona?"

Ersilia akababaika. "Lilipona, lakini—"

"Basi."

Watu wawili watatu wakacheka. Ersilia akaenda zake. Nikadhani Bibi ameshinda. Lakini misa ilipokwisha alishindwa kuinuka, nikamshika kwapani, nikaona kofia yote inatikisika.

"Wamemzika tena," akaniambia. "Mara hii nilikuwepo nikiwa mtu mzima, na sikusema ni wangu."

Kengele ililia tulipotoka, ya sikukuu tu. Nilimfikisha nyumbani. Hakunikaribisha ndani, akasema amechoka, nije siku nyingine. Sijui kama alimaanisha.

Jumatano, 16 Desemba

Yelland amepiga simu. Anaandika maelezo ya kwenye kitabu, kabakiza aya ya mwisho. Ananiambia picha ndiyo itakayopokea wageni mlangoni mwa maonyesho, na jina langu limekaa pale pale alipoahidi.

"Kitu kimoja tu, Edna mpenzi. Wewe umeishi na Waitalia hao. Hukusikia lolote? Mina alikuwa nani hasa, aliolewa, alizaa, alikufa wapi? Hata uvumi. Ukinipa jina tu, nitaandika kwamba ni wewe uliyemtambua. Watu watakusoma miaka mia."

Nilikuwa nalo jina mdomoni. Gelsomina Arcari, alifua nguo za watu, alifuatwa na watu wanne. Yelland akauliza kama simu imekatika.

"Sijui," nikamwambia. "Nimeuliza mtaa mzima. Hakuna anayejua."

Nikamsikia anaandika. "Hatima yake haijulikani," akasoma. "Dah. Hasara kubwa, Edna."

Nikasema ndiyo, ni hasara kubwa.